Trilioni Moja na Thelathini na Tisa

Mpangazamu, mashine ya mapokezi ya hospitali, ilimulika kiganja cha Namsifu kwa mwanga wa kijani, ikasoma namba yake ya uraia, trilioni moja na arobaini, ikaivunja papo hapo kwa vigawo vyake.

"Kigawo kidogo kabisa: mbili. Chumba cha mbili."

Mlango ukafunguka.

Ndivyo hospitali ya Mkomazi Mpya ilivyofanya kazi tangu wananchi walipochoshwa na hongo. Hakuna daktari aliyechagua nani atibiwe. Kulikuwa na vyumba ishirini na vitano, kila kimoja kikiitwa kwa namba tasa, kuanzia mbili hadi tisini na saba. Ndani yake mlikuwa na vitandapumzi, vitanda vinavyopumua badala ya mgonjwa aliyeharibiwa mapafu na vumbi la migodi. Kigawo kidogo kabisa cha namba yako ndicho kilichokuwa chumba chako.

Elinami, pacha wake aliyetangulia kuzaliwa, naye akaweka kiganja. Trilioni moja na thelathini na tisa.

"Subiri," ilisema mashine.

Elinami alicheka huku akikohoa. "Maisha yako yote unalalamika kwamba mimi ndiye mkubwa. Haya, leo tangulia wewe!"

"Tutaonana huko ndani, dada."

Hawakuonana. Namsifu alipozinduka, muuguzi alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"Pole sana, mama. Mwenzako amefariki. Alikuwa bado kwenye benchi."

"Benchi? Chumba cha tisini na saba nilikipita, hakikuwa na mtu!"

"Hakikuwa na mtu, mama. Ila mlango haukumkubali."

Baada ya mazishi, Namsifu alikwenda kwa Mhandisi Mshana, aliyeibuni Mpangazamu. Mshana alimkaribisha kiti, akamwagiza mtu alete chai.

"Namba ya marehemu ni tasa," alieleza taratibu. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukiipita trilioni moja, ndiyo namba tasa ya kwanza unayokutana nayo. Ni namba nzuri mno, dada yangu."

"Usiniite dada. Dada yangu nimemzika jana."

"Samahani."

"Wasio na chumba ni wangapi?"

"Wote ambao namba zao hazina kigawo chini ya mia. Kama kumi na wawili katika kila mia."

"Na mlilijua hilo?"

"Tulikokotoa kabla ya kujenga. Hakuna mpango usio na mabaki, mama."

"Mabaki!" Namsifu aliinuka, chai haijaguswa. "Elinami ni mabaki? Na vitanda vitupu viko palepale, vinapumulia hewa!"

Mshana alimwonyesha kiti tena.

"Haya, niambie. Moja si inagawa kila namba? Kwa nini hamkujenga chumba cha moja?"

Mhandisi alitabasamu, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo vikaoni.

"Tulilijadili. Lakini hebu fikiri: chumba cha moja kingemfungukia kila mtu."

"Ndiyo," alisema Namsifu. "Kila mtu."