Siku Chifu Alipopoteza Shamba Lake

Kila Jumamosi asubuhi, Kawira alifagia nywele katika duka la kinyozi la baba yake pale Kinoru, kisha akalisha samaki. Kazi ya kwanza aliifanya kwa kuburuta miguu. Ya pili angeifanya hata akiwa na homa.

Tangi la kioo lilikuwa mbele ya kiti cha kunyolea. Ndani waliishi samaki wa Ziwa Malawi: wanne wa manjano, na mmoja wa buluu mwenye milia ambaye wateja walimwita Chifu. Chifu alijitwalia pango chini ya jiwe kubwa kuliko yote. Aliyepita karibu alifukuzwa bila kuulizwa jina.

Jumamosi moja kulikuwa na samaki mgeni ndooni. Alitoka Ziwa Tanganyika, rangi yake kama chai ya maziwa, na mkia wake uliburutika kama gauni la arusi. Kawira alikuwa ameomba samaki wa namna hiyo muhula mzima. Alimwita Bibi Arusi.

"Usimguse," baba yake, Muthamia, alisema. "Nikimaliza kumnyoa Bundi tutaona atakaaje na wenzake."

"Sawa, baba."

Mara mashine ikazimika, mteja wake Bundi akiwa amenyolewa upande mmoja tu. Baba akatoka kuazima nyingine kwa jirani. Bundi akasinzia kitini.

Kawira akaitazama ndoo. Je, samaki wa ziwa moja humjua wa ziwa lingine? Husalimiana? Mikono yake ilijibu kabla ya kichwa. Akamtia Bibi Arusi tangini.

Salamu ilikuwa fupi. Chifu alichomoka pangoni, akararua lile gauni. Kawira alimwopoa mgeni kwa wavu na kumrudisha ndooni.

Baba aliporudi, alichungulia ndoo. "Huu mkia umefanya nini?"

"Labda... alikuja hivyo."

"Basi ni ugonjwa huo! Namrudisha kwa muuzaji leo hii, na atanisikia." Baba akatoa simu.

Bundi alikohoa kitini, macho yakiwa yamefumbwa bado. Kawira akamtazama Bibi Arusi akipumua kwa shida. Baba akimrudisha, yeye hatamwona tena. Na yule muuzaji, kosa lake lilikuwa lipi?

"Baba, usipige! Si mgonjwa. Nilimtia tangini, Chifu akamwuma."

Baba akarudisha simu mfukoni.

"Kumbe. Sasa ataishi ndooni mpaka lini?"

Nyanya Karwirwa, aliyekuwa mlangoni akimenya njahi, yale maharagwe meusi, alicheka hadi maganda yakamwagika. "Wewe Muthamia, huyo Chifu wako analinda shamba tu! Walipokuja kupima mashamba kwetu Muthara, sote tulihamishiwa mashamba mapya. Jirani yangu Njoka, aliyekuwa akiwarushia kuku wangu mawe, alikaa kimya siku nyingi. Alikuwa akitafuta choo chake kiko wapi."

"Mama, hawa ni samaki."

"Ndiyo maana hawatakwenda kortini."

Kawira aliruka. "Ni kweli, baba! Chifu hufukuza wenzake karibu na lile jiwe tu. Kule kwenye pampu hajali mtu! Tukiliondoa, hatajua shamba lake liko wapi!"

Basi wakawatoa samaki wote wakawatia kwenye beseni. Wakalitoa jiwe kubwa kabisa, wakayapanga mengine upya, yakawa mapango mengi madogo madogo. Kisha wakawarudisha wote pamoja, mgeni na wenyeji.

Chifu alizunguka pembe hadi pembe kama mtu aliyepoteza funguo. Bibi Arusi akaingia kwenye pango jembamba. Kawira alibana pumzi. Chifu akaja, akachungulia, akapita zake.

"Umeona?" Baba alimshika bega. "Ungeng'ang'ania uongo wako, ningemtibu asiye mgonjwa na kumtukana asiye na kosa. Ukisema ukweli mapema, hata jambo lililoharibika hupata pa kutengenezewa. Na nikikuambia usiguse?"

"Sigusi, baba."

"Tutamwangalia mpaka mkia upone. Kazi hiyo ni yako."

Bundi akafumbua macho, akapapasa katikati ya kichwa, pale nywele zilipokutana na upara.

"Nyanya," alisema, "na mpaka huu wangu, utapimwa leo au nirudi kesho?"