Kola ya Kidoti

Kila siku saa tisa na nusu alasiri cherehani ya Mama Kidoti ilinyamaza. Majirani wa jengo lile walijua basi, vita vimeanza.

Mama Kidoti alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare, mapazia na magauni katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Binti yake alikuwa na miaka saba. Waliomwita Kidoti hawakukosea, maana alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndogo kama kichwa cha pini. Akirudi tu shuleni, mama yake alimkalisha kwenye meza ya kukatia, akafungua kitabu na kuweka rula chini ya mstari.

"Soma."

Kidoti alisoma neno moja. La pili lilikwama. La tatu lilipofika, kola ya shati ilikuwa imeshaingia mdomoni. Macho yake yalikuwa yamepimwa, mazima. Masikio mazima. Lakini kitabu kikifunguliwa tu, sauti inapotea. Mama naye anapandisha sauti. Ukutani alikuwa amebandika ratiba ya saa mbili nzima: herufi, silabi, kusoma, kurudia, imla.

Kola ziliisha moja baada ya nyingine. Hebu fikiria, mtoto wa fundi wa nguo, kola kama imegugunwa na panya! Wateja walitania, na Mama Kidoti alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anaungua.

Haraka yake hiyo haikuwa ya bure. Alikuwa anakimbizwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Huyo alikuwa karani wa shule ya bweni iliyokuwa mbali, safari ya siku nzima. Alikuwa ameshatoa neno lake: muhula ukiisha na Kidoti hajui kusoma, anamchukua akakae bweni. Baba Kidoti alikuwa dereva wa lori, na barabarani haogopi mtu. Mbele ya dada yake, mpole kama maji ya mtungi. "Dada anayajua mambo haya," ndilo alilosema. Kidoti alisikia yote. Kesho yake alimuuliza mama yake kama huko bweni akina mama wanaruhusiwa kulala.

Sasa, Mama Kidoti alikuwa na mwanafunzi mmoja wa ushonaji. Alikuwa mkutubi, mama mtu mzima anayetunza vitabu vya maktaba ya mtaa. Alikuja kila Jumamosi asubuhi. Alikuwa mcheshi na msomi, lakini kwenye cherehani alikuwa balaa. Jumamosi moja alivunja sindano tatu kabla ya chai.

"Dada, usivute," Mama Kidoti alimwambia. "Hapa chini cherehani ina meno. Yanakipeleka kitambaa yenyewe. Wewe weka mkono uongoze tu. Ukivuta, sindano inavunjika na mshono unapinda."

Mkutubi akalegeza mkono. Mshono ukatoka umenyooka. Akavua miwani, akageuka kumtazama Kidoti pale mezani, kitabu mbele, kola mdomoni.

"Fundi, mbona huyu unamvuta?"

Mama Kidoti alikasirika. Alimjibu kwamba mtoto si kitambaa.

"Ndiyo maana nashangaa," mkutubi akasema. "Naona kitambaa unakihurumia zaidi."

Neno lile lilimchoma. Mkutubi hakumkimbia. Alikaa, akamweleza kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, huko China, walikuwako wenye hekima waliofuata mafundisho ya Tao, yaani Njia. Waliamini kwamba kila kitu kina mwendo wake wa asili. Mtu mwenye akili huutafuta mwendo huo akaenda nao, hapigani nao. Walipenda kutazama maji. Maji yakikuta jiwe hayagombani nalo. Yanapita pembeni na yanafika.

"Kwa hiyo nimwache afanye anavyotaka?" Mama Kidoti aliuliza.

"Nani kasema? Wewe ukishona unaacha cherehani ukaenda zako sokoni? Mkono wako unabaki palepale. Saa ya kulala ni ileile. Mkasi hauguswi. Mipaka iwepo, lakini usimharakishe kukua."

Akampa na la kufanya. Aitoe ratiba ukutani. Amsomee yeye hadithi, kwa raha, bila kumuuliza maswali. Asimlinganishe na mtoto wa mtu. Ampe kazi ya kweli yenye maandishi ndani yake. Akikosea, asimrukie. Asubiri kidogo, kwa sababu mara nyingi mtoto hujirekebisha mwenyewe akipewa nafasi.

Ratiba ilibanduliwa siku ileile. Lakini msidhani ilikuwa rahisi! Wiki ya kwanza Kidoti hakugusa kitabu hata kimoja, na mikono ya mama yake iliwasha. Siku ya nne uzalendo ulimshinda, akaita, "Hebu njoo usome." Mkono wa Kidoti ukapanda kwenye kola. Mama akameza maneno yake. Akachukua kitabu akasoma mwenyewe, mpaka akasahau pasi ikaunguza ncha ya pazia.

Kila nguo pale chumbani ilikuwa na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini, kimeandikwa nguo ya nani na ifanyiwe nini. Mama Kidoti akaanza kumtuma binti yake. Nitafutie suruali ya mpishi. Nitafutie gauni la mwuguzi. Mara ya kwanza Kidoti alileta suruali ya mpiga picha. Ulimi wa mama ulikuwa tayari kumkosoa. Akauuma. Kidoti akatazama karatasi, akakunja uso, akafuata herufi kwa kidole. "Siyo hii," akasema, akairudisha, akaleta ya mpishi. Mama akasema asante, akaendelea kushona. Machozi yalimlenga, lakini hakutaka kulifanya jambo lile kuwa sherehe.

Muhula ulipokaribia kwisha, wifi akaingia na fomu ya bweni mkononi. Baba Kidoti, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani, alikuwa ameshatia sahihi. Ilibaki ya mama tu. Wifi akaketi, akataka mtoto alete kitabu asome pale pale, asikie kwa masikio yake.

Mama Kidoti alijua kwamba pengine Kidoti angesoma ukurasa mmoja tu, ubishi ungekwisha. Kisha akaona mkono wa binti yake unapanda kwenye kola.

"Hasomi," akasema.

"Kwa hiyo hajui."

"Sijasema hajui, wifi. Nimesema hasomi. Sitamsimamisha mwanangu hapa apimwe kama nguo ya mnada. Na bweni haendi."

Wifi akamgeukia mdogo wake, akangoja. Baba Kidoti alikuna kichwa, akatazama kola ya binti yake, akavuta pumzi. "Dada, mama yake ndiye yuko naye kila siku," akasema. "Nipe kalamu niifute sahihi yangu."

Wifi akaanza kusema kwamba wameungana kumharibu mtoto. Hakumaliza. Kidoti alikuwa ameinamia fomu pale mezani, kidole kwenye mstari wa mwisho, midomo ikichezacheza. Hakuna aliyemtuma.

"Mama," akasema polepole, "hapa pameandikwa sahihi ya mama. Usiandike."

Wifi akavuta kikombe chake. Alikunywa chai yake yote, na alipoondoka fomu aliiacha.

Mama Kidoti aliigeuza upande mweupe. Akachora kola juu yake kwa penseli, akaikata, akaitumia kukatia kola mpya ya shati la binti yake. Muhula mwingine mzima umepita, na kola hiyo bado ina ncha zake mbili. Karatasi ya kukatia inaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Ukiigeuza utaona maneno ya mwisho ya fomu, "Sahihi ya ma", na hapo ndipo mkasi ulipopita.