Wateja Watulivu

Kabla mtu hajamaliza ngazi za Ukumbi wa Mbayuwayu, jijini Dodoma, lango-jicho lilikuwa limekwisha kumsoma. Lilipima mapigo ya moyo wake kwa mbali, likanusa pumzi yake, likatazama anavyotembea, kisha taa ikawaka: kijani apite, nyekundu arudi. Hivyo hivyo wakati wa kutoka. Kazi hiyo ilichukua sekunde mbili. Zamani ilifanywa na mabaunsa sita.

Mwaka huo wa 2087 alibaki mmoja, Nyamizi Kasanda, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana. Alibaki kwa sababu tu sheria ya jiji ilitaka binadamu asimame mlangoni. Bwana Mtengeti, mwenye ukumbi, alimpa agizo moja: "Usimguse mteja aliyepewa kijani. Wewe simama tu."

Nyamizi akasimama, miezi minane.

Jumamosi moja alasiri, dansi la mchana likiwa limepamba moto, kijana mtanashati alitoka ndani amemshika msichana kiunoni. Taa ikawaka kijani. Kwenye kioo cha lango yakatokea maneno: WATEJA WATULIVU.

Nyamizi alimtazama yule msichana. Shingo ilikuwa imelegea, kiatu kimoja hakipo, na mwenyewe hana habari. Miaka ishirini ya kukaa milangoni ilimfundisha kumtofautisha mlevi na mtu aliyetiliwa kitu kwenye kinywaji. Mlevi hugombana na miguu yake. Huyu miguu ilikuwa inaburuzwa.

"Samahani kaka, dada anaitwa nani?"

"Mchumba wangu huyu. Kanywa kidogo. Hebu tupishe."

"Sijauliza kanywa nini. Nimeuliza jina."

Kijana akasita. "Joisi."

Nyamizi akainama. "Mdogo wangu, unaitwa nani?"

Midomo ikacheza kwa shida. "Edina."

Nyamizi akauziba mlango kwa mwili wake. Lango likaanza kulia: MHUDUMU ANAZUIA WATEJA. Kijana akamsukuma, akamtukana, na alipoona watu wanakusanyika, akamwachia msichana na kutimua mbio. Nyamizi alimdaka Edina kabla hajaanguka, akamlaza ubavu, akaita gari la wagonjwa. Hospitalini daktari alisema wangechelewa nusu saa tu, pumzi ingekatika.

Jumatatu aliitwa ofisini. Alijua anafukuzwa, lakini alimkuta Mtengeti anatabasamu, ameketi na Injinia Lweno, aliyelibuni lango. Mezani palikuwa na tangazo: LANGO-JICHO LAOKOA MAISHA.

"Saini hapo chini, dada Nyamizi," alisema Mtengeti. "Kwamba lango ndilo lililokushtua. Kazi yako ipo, na cheo nitakuongeza."

"Lilisema kijani."

"Hayo mambo ya kitaalamu tuachie sisi."

Nyamizi akamgeukia injinia. "Basi mtaalamu anieleze. Kwa nini lilisema kijani?"

Lweno akainamisha macho. "Tuliliunda litafute fujo. Mtu wa fujo moyo wake hukimbia. Wa yule binti ulikuwa unapiga polepole mno. Lango lilimwona mtulivu kuliko wateja wote."

"Wangapi wengine wametolewa hivyo, wameshikiliwa?"

"Lweno, nyamaza," Mtengeti alifoka.

Injinia alikuwa amekwisha kufungua kumbukumbu za lango. "Kumi na tisa. Tangu tulipoliweka hapa."

"Nani aliwafuatilia?"

Mtengeti akamwekea kalamu mbele yake.

Nyamizi akalinyakua tangazo badala ya kalamu. "Mnataka niwasifie mashine iliyowatoa watoto wa watu kama mizigo! Mliniweka pale sanamu, niangalie taa. Nami nikaangalia taa!"

Akalichana vipande viwili. Lweno, bila kuulizwa, akachapisha orodha ya tarehe na saa, akamsogezea.

"Ukitoka na karatasi hiyo, usirudi hapa," alisema Mtengeti.

"Nitarudi na polisi."

Kituoni, askari wa zamu alimuuliza kama amekuja kama mlalamikaji au shahidi. Nyamizi akavuta kiti, akaikunjua orodha juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa juu.

"Shahidi. Andika, afande. Huyu wa kwanza namkumbuka, alivaa gauni la njano. Mimi ndiye niliyempisha."