Ukitaka Nibaki, Inua Gitaa

Hebu niambie, umewahi kumpenda mtu ambaye kazi yake ni kelele? Fundi alimpenda mmoja. Walikutana mchana wa jua kali kwenye kituo cha mafuta, magari yanapiga honi na watu wanagombania kivuli.

Fundi alikuwa amesimama na sanduku lake na mfuko mkubwa wa nyaya. Alivaa suruali ya kazi ya buluu, ile yenye mifuko mingi, na kitambaa cha njano kichwani, kipya, bado kina mistari ya mkunjo. Kijana mrefu akatoka msalani na mashati matatu yanayochuruzika maji. Amevaa koti jeusi la ngozi, kwenye joto lile.

"Dada, samahani, nishikie ncha ya kamba hii kidogo."

Fundi akaishika kabla hajafikiri. Kijana akafunga ncha ya pili kwenye kioo cha basi lililoegeshwa pale, akaanza kuanika.

"Kwani mimi mti?"

"Mti gani una uso mzuri hivyo?"

"Na mashati yako hayajatoka povu. Yatakuwasha shingo."

"Shingo imeshazoea. Unasubiri gari la wapi?"

"Nasubiri bendi ya roki. Mimi ndiye fundi wao mpya wa sauti. Wameniambia niangalie basi bovu kuliko yote."

Kijana akacheka mpaka shati moja likamponyoka. "Basi umeshafika. Ndilo hili hapa. Mimi napiga gitaa, wananiita Nyuzi."

Msimu ule walizunguka miji mingi. Mtu asikudanganye kwamba maisha yale ni taa na makofi tu. Ni kulala umekaa mpaka shingo inapinda. Ni kula mkate na yai la kuchemsha juu ya spika. Ni kushusha mitambo kwenye ukumbi unaonuka bia ya jana, kuipanga, kupiga, kuipakia tena, na kuondoka kabla hujajua hata soko la mji liko upande gani. Ndani ya basi mnajuana mpaka soksi inayonuka ni ya nani.

Mjomba, dereva wao mzee, ndiye aliyeona kwanza.

"Nyuzi, zamani ulikuwa unakaa nyuma. Siku hizi nyuma kuna miiba?"

"Kuna joto, Mjomba."

"Aa, joto. Na hapo kwa Fundi kuna barafu."

Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni, lakini meno yalikuwa nje.

Jukwaani, Nyuzi alikuwa anavaa vidude vidogo masikioni ili asikie gitaa lake, maana ngoma za yule jamaa wa nyuma zilikuwa zinameza kila kitu. Fundi alikaa mwisho wa ukumbi kwenye mashine yake, na alikuwa na kipaza sauti kidogo. Akibonyeza kitufe, sauti yake inaingia kwenye vile vidude tu, hakuna mwingine anayesikia. Kilikuwa cha kazi. Lakini wapenzi ni wapenzi.

"Mpenzi, funga kamba ya kiatu, utaanguka mbele za watu."

"Mpenzi, huyo dada wa mbele anayekukonyeza, ajue una mwenyewe."

Nyuzi hakuweza kujibu kwa mdomo, kwa hiyo alikuwa anainua gitaa juu kidogo, maana yake ndiyo. Akiliacha chini, hapana. Wakaizoea lugha hiyo.

Msimu ulipokaribia kwisha, dada yake Fundi akapiga simu.

"Mdogo wangu, redio ya hapa nyumbani inatafuta fundi wa sauti. Nimewaambia yupo. Kazi ya kudumu."

"Dada, nipe muda kidogo."

"Muda wa nini? Huyo mpiga gitaa ameshakwambia neno?"

"Bado."

"Bado! Anasubiri nini, mvua?"

Fundi alikuwa mwanamke wa kubeba spika begani bila kuomba msaada, lakini kwa hili ulimi ulikuwa mzito. Akashindwa kumkalisha Nyuzi wakaongea. Alasiri ya onyesho la mwisho, wakati wa kujaribu vyombo, ukumbi ukiwa mtupu, akabonyeza kile kitufe.

"Mpenzi, nimepata kazi nyumbani. Ukitaka nibaki na wewe, inua gitaa."

Nyuzi hakuinua. Aliendelea kugusagusa gitaa, kichwa chini, kama hajaambiwa kitu.

Na kweli hakuambiwa. Sikio lake la kulia lilikuwa linauma tangu asubuhi, akavitoa vile vidude vikawa vinaning'inia mgongoni, ndani ya kola. Maneno yote ya Fundi yaliingia kwenye shati.

Fundi alifanya kazi yake vizuri usiku ule, kisha asubuhi akamuaga Mjomba peke yake na kuondoka. Nyuzi akaamka, akaambiwa mwenzake kapata kazi, kaenda kwao. Akanuna siku kadhaa, akakataa chakula, mwishowe akapiga simu.

"Umeondoka kama mwizi, Fundi. Hata kuniaga?"

"Nilikuuliza, ukanijibu."

"Uliniuliza lini?"

"Wakati wa kujaribu vyombo. Nilikwambia ukitaka nibaki uinue gitaa. Hukuinua, na mimi nina macho."

Nyuzi akaanza kucheka kicheko cha mtu anayetaka kulia.

"Nilikuwa nimevitoa! Sikio lilikuwa limevimba. Muulize Mjomba, ndiye aliyeninunulia dawa."

"Unatunga."

"Wewe, fundi mzima, hukuangalia masikio yangu?"

"Nilikuwa naangalia gitaa."

"Usiondoke hapo ulipo. Nakuja."

Alifika kesho yake saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wa redio wakimiminika kwenye ngazi. Kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono mitupu.

"Gitaa liko wapi?" Fundi akauliza.

"Kwa Mjomba. Leo nimekuja na mdomo. Rudi, mpenzi. Rudi tuendelee."

"Sirudi kwenye basi."

Nyuzi akanywea.

"Ngoja, sijamaliza. Hata ungeinua siku ile, ungekuwa umejibu swali la woga. Kazi hii naipenda, na basi lile limenimaliza mgongo. Wewe nenda ukapige, ukimaliza msimu urudi nyumbani, na nyumbani pawe kwangu." Akavuta pumzi. "Nataka unioe, Nyuzi. Hilo ndilo nililotaka kusema, nikaona haya."

Nyuzi akainua mikono yake mitupu juu, kama mtu aliyeshika gitaa.