Usiitoe Hiyo Kadi

Wanaonijua huniita Daktari Bisibisi, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Haya, nilijipa, lakini watu walilikubali. Shule niliiacha katikati, kompyuta nikazisomea kwenye vumbi lake. Kidole changu hiki cha shahada kiliacha nusu ya kucha kwenye feni ya kompyuta, wala sikulia. Kwa hiyo nikisema niliogopa, jueni haukuwa mchezo.

Jua lilikuwa linazama nilipobisha hodi kwa dada msomaji. Kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, ili wasioona wasikilize. Ana sauti ambayo ungeiacha ikusomee hata karatasi ya dawa.

"Karibu, fundi. Nimechoka. Kila nikirekodi sauti inapasuka. Tk... tk... kama mtu anavunja njiti."

"Tangu lini?"

"Tangu kaka anifungie kadi ya picha ndani ya kompyuta. Ndiye aliyenijengea chumba."

"Kadi ya picha kwa mtu wa sauti?" Nikacheka. "Dada, huko ni kumvalisha samaki koti."

"Alisema nisiitoe kamwe. Sasa hata simu zangu hapokei."

Chumba kilikuwa kama kabati la nguo. Kuta zimevalishwa magodoro, juu ya magodoro trei za mayai, mpaka darini. Dirisha hakuna. Mlango mnene, nao una godoro lake, na upande wa ndani hauna mkono wa kitasa.

"Ulikuwa unatetemeka, unaingia kwenye rekodi," akasema. "Kaka akauondoa. Nikisoma, shangazi hukaa sebuleni na hedifoni. Nikimaliza namwambia kwenye maikrofoni, ananifungulia. Leo shangazi hayupo, nitakaa mimi. Simu yako iache hapa nje, fundi. Inakoroma kwenye maikrofoni."

Nikaiacha. Akasukuma mlango.

Dup.

Masikio yakaziba kama nimezama majini.

Nieleze kidogo, maana watu hudhani picha na sauti hazijuani. Ndani ya kompyuta kuna mpishi mmoja. Sauti ni mgeni mwenye adabu, anataka kijiko chake kwa wakati, basi. Kadi ya picha ni mgeni mwenye makelele, humvuta mpishi shati: nichoree hiki, nichoree kile! Mpishi akigeuka, kijiko cha sauti kinachelewa. Ndiyo hiyo tk.

Nikabadilisha programu inayoiendesha kadi. Tk. Nikaihamishia nafasi nyingine. Tk, tk. Basi nikafanya kile daktari anachofanyia jino bovu. Nikazima, nikaing'oa, nikachomeka waya wa kioo kwenye ubao wenyewe wa kompyuta, nikawasha.

Nikavaa hedifoni. Safi kama maji ya mtungi.

"Dada, umepona!" nikasema kwenye maikrofoni. "Nifungulie."

Sikusikia hatua.

Nilisikia pumzi.

Ndefu... yenye majimaji. Nikadhani ni yangu, nikaibana.

Ikaendelea.

"Dada," nikanong'ona, "nifungulie."

Ndani ya hedifoni sauti ikajibu, kwa madaha, kama ninavyoongea na mteja mpya. Ilikuwa yangu.

"Bado kidogo, dada. Usifungue."

Kwenye kioo, mstari wa kijani wa sauti ulikuwa unapanda na kushuka. Na mimi nimefumba mdomo.

Nywele zingesimama, kama ningekuwa nazo. Nikaurukia mlango kwa ngumi. Godoro likazimeza ngumi zangu kama mchanga unavyomeza maji. Nikapitisha vidole pembeni, hakuna pa kushika. Nikapiga kelele mpaka koo likachubuka. Chumba kilijengwa ili sauti isitoke, na kaka mtu alikuwa fundi mzuri kupita haja.

Joto likapanda. Ikaja harufu ya matandiko yaliyooza kwa unyevu, na kila nilipovuta hewa ilikuwa kama mtu ameshaivuta kabla yangu.

Nikavua hedifoni, nikachomoa waya wa umeme. Nisisikie tena. Kompyuta ikafa. Ikabaki taa ya darini na mimi.

"Mlango..."

Ilitoka nyuma ya trei za mayai, usawa wa shingo yangu.

"...umefungwa?"

Iliuliza taratibu, kwa sauti yangu, kama mtu anayehakikisha kabla ya kulala.

Hapo ndipo akili ilipofunguka, ijapokuwa mlango haukufunguka. Ile kadi haikuwa ugonjwa. Ilikuwa kifuniko cha sufuria. Zile tk zilikuwa zinamkatakata yule aliyemo mle kabla pumzi yake haijawa maneno. Kaka mtu alijua. Na mimi, daktari mzima, nimefunua sufuria nikajifungia nayo jikoni.

Nikapiga magoti. Kadi ikakataa kukaa. Nikajaribu tena, ikakataa. Pumzi ikagusa sikio langu, baridi, ikasema jina nililopewa na mama yangu, ambalo dada msomaji halijui. Mara ya tatu nikaisukuma kwa kiganja kizima.

Kakh.

Nikarudisha umeme. Feni zikanguruma. Kioo kikawaka.

Tk.

Sijawahi kupenda sauti kama ile.

"Dada, fungua! Fungua sasa hivi!"

Mlango ukafunguka, nikaangukia sebuleni.

"Makubwa! Mbona umelowa hivyo?" akashangaa. "Si umesema nisubiri?"

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya mwisho ukaniomba nimpigie mkeo kwa simu yako, niishikilie kwenye hedifoni umwambie neno. Ukanitajia mpaka namba za siri."

"Neno gani?"

"Ya mume na mke, fundi! Ningesikiliza ili iweje?"

Nikamwambia asiitoe hiyo kadi, asome hivyo hivyo na tk zake. Akacheka, akadhani kazi imenishinda. Nikatoka mbio, bila simu, bila hata bisibisi.

Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa.

"Mama watoto, fungua. Ni mimi."

Ukaja mnong'ono nyuma ya mbao.

"Ondoka. Mume wangu kanipigia. Kasema kitakuja kitu chenye sauti yake."

"Mke wangu, mimi ndiye niliyeangusha pete siku ya harusi, tukaitafuta chini ya viti!"

"Kasema hayo pia utayajua."

Nikalia. Haikusaidia. "Kasema utalia," akanong'ona, naye analia. Kila neno nililotoa lilikuwa linaongeza komeo. Mtu mzima, nimenusurika kufungiwa ndani, sasa nimefungiwa nje na mdomo wangu mwenyewe.

Basi nikafanya kitu ambacho majirani hawataamini. Nikanyamaza. Nikalala kifudifudi kizingitini, nikapenyeza kidole chini ya mlango.

Muda ukapita...

Nikahisi mkono wake. Ukakipapasa kidole taratibu, mpaka kwenye ile nusu ya kucha. Kitasa kikageuka.

Jioni ya tatu nikaazima simu ya jirani, nikapiga namba yangu kumwambia dada nitamtuma mtu aifuate. Iliita mara moja tu.

"Daktari Bisibisi hapa," ikasema sauti yangu, kwa madaha.

Nyuma yake sikusikia tk hata moja. Nilisikia mwanamke, mbali sana, kama aliye chini ya magodoro. Sauti tamu, imechubuka.

"Shangazi... nifungulie..."

"Bado kidogo, shangazi," simu ikasema, na safari hii haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ile tamu. "Usifungue."

Ikakatika.

Nikavaa viatu. Mke wangu akakishika kile kidole, akakikumbatia kwa mikono miwili. Mlango wetu ulikuwa wazi, na jua lilikuwa linazama.

Najiambia shangazi mtu alishtuka, akafungua. Namba ile sijaipiga tena. Hadithi zangu nyingi nazitia chumvi, nanyi mnajua. Ila hapa haimo hata chembe: sikwenda.