Doa Lisilosuuzika

Katika vilima vya Wakhasi, kaskazini-mashariki mwa India, mgeni hupewa tambuu kabla hajapewa kigoda. Phlorisha alikuwa hodari wa kuifunga: jani, chokaa kidogo, kipande cha popoo. Kila mgeni alipotafuna, naye alitafuna.

Jioni moja alikisukuma kando kitoweo cha pilipili na samaki mkavu.

"Mama, unaumwa?" aliuliza Daiaka, bintiye wa mwisho.

"Inaniwasha hapa." Akagusa shavu la kushoto. "Nilijing'ata."

"Lini?"

"Tulipovuna tangawizi."

Daiaka akaacha kula. "Mama, hizo ni wiki sita."

Ndani ya shavu mlikuwa na doa jeupe, na pembeni yake kidonda chekundu. Phlorisha alidhani ni chokaa iliyoganda. Alisuuza kwa maji ya chumvi. Alisugua kwa kitambaa. Doa halikutoka. Basi akahamishia tambuu shavu la kulia, akajiona mwerevu: la kushoto lipumzike.

Daiaka akaenda kumwita jirani yao Ibanri, mhudumu wa afya wa kijiji. Phlorisha akamkaribisha kwa tambuu. Ibanri akaipokea kwa mikono miwili, akaitia mfukoni.

"Ahsante, Dada. Sasa fungua mdomo."

"Una mambo wewe. Mgeni ndiye anayemkagua mwenyeji?"

Ibanri alimulika mashavu, fizi na chini ya ulimi.

"Twende hospitali, Dada."

"Kwa kidonda kisichouma bila pilipili?"

"Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kidonda cha kujing'ata hupona ndani ya wiki mbili. Kisipopona, kiume kisiume, daktari akione. Vilevile doa jeupe au jekundu lisilotoka, uvimbe, ganzi ya ulimi, au mdomo unaokataa kufunguka vizuri."

Phlorisha akashika shavu. Kwao, mtu akifa husemwa amekwenda kutafuna tambuu nyumbani kwa Mungu.

"Kumbe nimeshaalikwa huko," akasema polepole.

"Sijui. Tochi yangu haiwezi kujua. Si kila doa ni saratani. Ila hata likiwa baya, likiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi."

"Na nisipoenda?"

"Utabaki unakisia," Ibanri alisema.

"Na mimi nitabaki nakula pilipili peke yangu," Daiaka aliongeza.

Phlorisha alimtazama bintiye. "Haya. Kesho."

Hospitalini daktari alimpiga sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo kama punje ya mchele kipimwe. Majibu yalichukua siku kumi. Haikuwa saratani. Lakini nyama ya shavu ilikuwa imeanza kubadilika, na ikiachwa ingeweza kuwa saratani. Daktari aliliondoa doa lote.

"Na tambuu sasa basi, uache," alisema.

"Yangu haina tumbaku, daktari."

"Hata hiyo. Popoo yenyewe ina madhara. Na urudi kila miezi mitatu nikutazame."

Wiki ya kwanza Phlorisha aligombana na kila mtu, hata kuku. Wageni akaanza kuwapa vipande vya chungwa vyenye chumvi.

"Machungwa?" mama yake mkubwa aliguna. "Mimi nyani?"

"Nyani ana kinywa kizuri, Mama Mkubwa. Kula."

Mama Mkubwa alikula matatu.

Daktari alipomtazama mara ya pili, shavu lilikuwa safi. Siku ya gulio iliyofuata, Lamphrang, muuza viazi, alimlalamikia Phlorisha kwamba ana kidonda chini ya ulimi, mwezi mzima sasa.

"Fungua."

"Watu wanatutazama, Dada."

"Watazame. Nao wajifunze."

Lamphrang akafungua. Phlorisha akawasha taa ya simu, akainama. Alipogeuka, wanawake wanne walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, wanacheka, vinywa wazi.

"Mimi si daktari," aliwaambia. "Najua njia ya hospitali tu. Gari linaondoka kesho asubuhi. Mwenye kidonda kilichopita wiki mbili ni nani?"

Lamphrang akainua mkono, mdomo bado wazi. Mwanamke wa mwisho kwenye foleni akaacha kucheka, naye akainua wake.