Jibu Kutoka Ng'ambo ya Mto

"Kwa mabuti hayo, wifi, unakwenda kuolewa au unakwenda kuogesha ng'ombe?" dada wa mchumba alimuuliza Daktari.

"Ng'ombe nikimwogesha hutulia. Nawe ukitaka kutulia, niambie tu," Daktari alimjibu.

Baba mkwe, aliyekuwa ameinama akifunga kamba za viatu vyake, aligeuza uso pembeni ili kicheko chake kisionekane. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya chemchemi, pale mto unapozaliwa chini ya mwamba, shali begani na uso umekazwa kama wa msimamizi wa mtihani.

"Tunakwenda kwenye jambo la heshima," alisema. "Masihara yabaki hapa juu. Daktari, wewe utatembea nyuma yangu. Na wewe, mwanangu, utakaa mwisho kabisa."

Daktari alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyezoea kushika kwato za wanyama wasiotaka kushikwa. Mchumba wake alikuwa mfamasia. Tangu shuleni wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu akiulizwa swali alilitafakari hadi muulizaji akasahau aliuliza nini. Walikuwa wachumba, lakini uchumba wao ulikuwa haujapita kizingiti cha nyumba ile. Hakuna mwanamke aliyepata kuolewa katika ukoo huo bila kutembea bonde lile lote, kutoka chemchemini hadi kwenye mwamba mkubwa ulioitwa Jabali, kisha kusimama ukingoni mwa mto na kuliita jina la mwanamume wake. Jabali likijibu, harusi ipo. Likinyamaza, binti hurudishwa kwao kwa heshima zote, jambo ambalo halimpunguzii aibu hata chembe.

Na alikwisha kuwapo mmoja aliyerudishwa. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mchumba wa kwanza wa Taratibu. Jabali lilinyamaza, mama akatoa hukumu, na Taratibu, kwa maelezo ya waliokuwapo, alisimama akitazama viatu vyake mpaka yule binti alipotoweka kwenye kona ya njia.

Hilo ndilo lililomnyima Daktari usingizi. Asubuhi, alipokuwa akivaa, simu yake iliwaka kwa ujumbe wa Taratibu.

"Usiogope. Jabali lilimjibu mama, na wewe litakujibu."

Aliandika: "Jabali siliogopi. Naogopa kimya chako."

Aliona kwamba ujumbe umesomwa. Jibu halikuja.

Safari ikaanza. Njia ilishuka ikifuata kijito ambacho mwanzoni mtoto angekiruka bila kulowa. Kadiri walivyoshuka, vijito vingine viliingia kutoka kushoto na kulia, matete yakawa marefu kuliko mtu, na maji yaliyokuwa yakinong'ona yakaanza kuzungumza kwa sauti. Mama mkwe alitembea kwa hatua za mtu anayelijua kila jiwe la njia hiyo, huku akisimulia.

"Zamani bibi harusi alikuwa akipelekwa kwa mumewe. Walipofika katikati ya bonde, mafuriko yakashuka. Wapambe wakatimua mbio, kila mtu na roho yake. Akabaki peke yake gizani. Akaita. Akaita tena. Ndipo Jabali likamjibu kutoka ng'ambo, likawa linamjibu kila aitapo, naye akaifuata sauti ile mpaka akakipata kivuko."

"Na bwana harusi alikuwa wapi, mama?" Daktari aliuliza.

Mama mkwe alipunguza mwendo. "Hadithi haisemi."

"Ni hadithi ndefu mno kuweza kuacha jambo kama hilo."

"Wifi," dada yake Taratibu aliingilia kati, "hadithi si mgonjwa wako. Usiipasue."

Wifi alikuwa na sababu zake. Alikuwa na rafiki, afisa wa benki mwenye kucha ndefu na gari safi, ambaye kwa maoni yake ndiye angeifaa familia. Mwanamke anayerudi nyumbani akinuka zizi hakumwingia akilini hata kidogo.

Adhuhuri walipumzika kwenye miamba bapa. Wazee walikaa kivulini, Wifi akaondoka kutafuta mtandao wa simu ambao haukuwapo. Taratibu akaja kuketi kando ya mchumba wake.

"Miguu haijachoka?"

"Ulisoma ujumbe wangu."

"Niliusoma."

"Na?"

"Bado naufikiria."

"Tangu alfajiri?"

"Ni ujumbe mzito."

Daktari alitabasamu bila kupenda. Hivyo hivyo ndivyo walivyojuana. Dawa zilikuwa zimemwishia kliniki, akaingia katika duka la Taratibu lenye kaunta ya kioo na rafu zilizopangwa kama gwaride, akaomba dawa ya homa ya mapafu. Taratibu akamuuliza mgonjwa ana uzito gani. Akamwambia kilo mia nne. Taratibu aliweka kalamu chini, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwa adabu: "Dada, huyo anahitaji dawa au gereji?" Daktari alicheka mpaka akashika kaunta. Siku ile aliona kwamba mtu anayechelewa kusema anaweza kusema kitu cha maana.

Lakini kuna mahali kuchelewa ni sawa na kukataa.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako namheshimu, na nimetembea bonde hili kwa hiari yangu. Ila Jabali likinyamaza, nawe ukanyamaza, nitaupanda mlima ule kwa miguu yangu na hutanitafuta tena. Sitakuwa mke wa mtu anayengoja jiwe limsemee."

"Unanipa mtihani."

"Sikupi mtihani. Nakupa taarifa."

Taratibu alifungua mdomo. Mama yake akaita kwamba ni wakati wa kuondoka, naye akaufunga.

Jabali lilikuwa ukuta wa mawe ya kijivu uliosimama wima ng'ambo ya mto, mkubwa kiasi cha kulifanya bonde lionekane limefikia mwisho wake. Mto mahali hapo ulitanuka, ukienda kwa kasi, rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Huitwa mara moja," mama mkwe alisema. "Kama kiapo."

Daktari alisogea ukingoni. Alijaza kifua hewa, akaliita jina la mwanamume wake, jina kamili alilopewa na wazazi, kwa sauti ambayo ilikuwa imewahi kusimamisha fahali.

Sauti ikavuka maji, ikafika kwenye mawe, ikapotea humo kama sarafu iliyotumbukia kisimani.

Walingoja. Mbayuwayu walikatiza angani. Maji yaliendelea na shughuli zake.

"Limesema," Wifi alitamka.

"Limesema nini?" baba mkwe aliuliza.

"Limenyamaza, baba. Kimya chake ndicho jibu."

Mama mkwe alimshika Daktari mkono. Hakuwa na furaha usoni, na hilo liliuma zaidi. "Daktari, sina chuki nawe. Mungu ni shahidi wangu kwamba nilitamani likujibu. Lakini mimi lilinijibu, nikadumu. Siwezi kumwoza mwanangu kwa kimya."

Daktari aliutoa mkono wake kwa upole. Akageuka kumtafuta mtu mmoja tu ambaye neno lake lilikuwa na uzito siku hiyo.

Taratibu hakuwapo mahali alipokuwa amesimama.

Basi amekimbia, alijiambia. Safari hii hata viatu vyake hakuvitazama.

"Wewe, una wazimu? Simu iko mfukoni!" Wifi alipiga kelele.

Daktari akageukia mto. Taratibu alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, shati lake la heshima limemganda mwilini, akisukumana na mkondo. Aliteleza, akazama mpaka mabegani, akainuka. Mama yake aliita, hakugeuka. Alifika ng'ambo kwa magoti na viganja, akapanda hadi penye msingi wa Jabali, akaliegemea kwa mgongo, akasimama wima.

"Ita tena," alisema kwa sauti kuu.

"Huitwa mara moja," mama alijibu.

"Nisamehe, mama. Nimekutii maisha yangu yote, na nitaendelea kukuheshimu. Lakini huyu ameniita mimi. Hakuliita jiwe. Mpenzi, ita."

Daktari akaita. Safari hii sauti ilimtetemeka, na hakuona haya.

"Naam," Taratibu alijibu. "Nipo. Nimekusikia tangu mara ya kwanza. Nipo leo, na kila utakapoita nitakuwapo."

Neno lake liligonga mawe nyuma yake, likarudi juu ya maji likiwa nene na pana, kana kwamba bonde zima ndilo lililofungua kinywa.

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza wimbo wa ujana wake. Kisha akamgeukia mumewe taratibu sana.

"Baba yao."

"Naam."

"Siku yangu mimi, wewe ulikuwa wapi?"

"Siku ipi?"

"Usinizungushe. Siku niliyoita hapa. Uliwaambia wazee unakwenda kukata fimbo."

"Nilikwenda."

"Fimbo iko wapi?"

Mzee alilitazama Jabali. Akautazama mto. Hakuna kilichomsaidia.

"Nimekaa kwako miaka yote hii," mama aliendelea, "nimezaa kwako, nimefagia kila kona ya nyumba yako. Sijawahi kuiona hiyo fimbo."

"Mke wangu," mzee alisema hatimaye, "maji ya siku ile yalikuwa ya baridi sana."



"Na yule binti wa kwanza?" sauti ya mama ilipanda. "Ukaniacha nimfukuze mtoto wa watu kwa ajili ya jiwe, nawe unajua?"

"Nilimngoja mwanao ajibu. Hakujibu. Ningemjibia mimi, angeolewa na nani? Mwanamke asiyejibiwa na mumewe siku ya jua, siku ya mafuriko atajibiwa na nani?"

Mama alifumba macho. Kila mtu alijiandaa kwa radi. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka, kicheko cha msichana, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa ncha ya shali.

"Nimelisifia jiwe kwa majirani, nimelisifia misibani, nimelisifia mpaka sokoni."

"Ulikuwa ukinisifia mimi," mzee alisema. "Ndiyo maana sikukukatiza."

Daktari hakungoja kicheko kiishe. Aliingia mtoni na mabuti yake, Taratibu naye akaingia kutoka ng'ambo, wakakutana katikati, maji yakiwasukuma wote wawili upande mmoja.

"Leo umejibu bila kufikiri," Daktari alimwambia.

"Nilifikiri tangu alfajiri. Nilikuwa nimebakiza kuvuka tu."

"Basi na mimi nakujibu. Ndiyo."

Walipofika ukingoni, Wifi alisimama mbele yao, shali lake mwenyewe mkononi. Alimfunika Daktari mabega bila kumtazama machoni.

"Nilikusema ovyo, wifi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kesho uje kliniki unishikie ndama."

"Ndama ana meno?"

"Njoo, utayaona."

Walipanda mlima jua likiwa bado lina nguvu, na safari hii hakuna aliyepangiwa nafasi. Mama alitembea bega kwa bega na mumewe, akimfinya mkono kila baada ya hatua kadhaa. Kileleni mtandao ulirudi, na simu yake ikaanza kulia kabla hajavuta pumzi. Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa mzee, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa nyumbani akingoja habari.

"Hapana, wifi yangu, halikujibu," mama alisema. "Jiwe litajibuje? ... Nani kasema hakuna harusi? Harusi ipo, tena kubwa. Mwanangu amejibu mwenyewe. ... Kwa sauti, ndiyo, bonde lote limesikia. ... Haya, ongea naye."

Alimkabidhi Daktari simu.

"Shikamoo, shangazi," Daktari alisema, nguo zake zingali na unyevu wa mto.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Daktari alisita, akitafuta namna ya kujitaja. Mama mkwe alisogea, akainama karibu na simu, akamjibia:

"Ni mwanangu."